Shati la Nusu Pasi

Mimi si mtu wa kukimbia. Mvua ikinikuta njiani natembea nayo, tufike wote. Kwa hiyo siku nilipojiandikisha kukimbia kilomita kumi mbele ya mji mzima, walionijua walielewa mara moja kwamba kuna mtu kaniudhi.

Aliyeniudhi alikuwa karani wa kuandikisha wakimbiaji. Lakini nikianza na yeye nitakuwa nimeanzia katikati, na baba yangu alitufundisha kwamba shati huanza kupigwa pasi kwenye kola.

Baba ni dobi. Alifungua duka lake kabla sijazaliwa: chumba kimoja chenye mlango wa mbao wa kukunja, meza mbili za pasi zilizotandikwa blanketi na shuka juu yake, rafu mpaka darini, na kamba za kuanikia uani. Mama alipofariki tulilelewa humo humo, mimi na mdogo wangu, katikati ya mvuke na harufu ya sabuni. Kwa Baba watu ni wa aina mbili tu, wanaomaliza na wasiomaliza. Kola, mabega, mikono, mbele, mgongo. Ukishalishika shati huliachi mpaka ulining'inize. Aliyeweza kunyoosha mashati hamsini kwa siku bila kuacha mkunjo hata mmoja, Baba alimwita Fundi, na hilo jina hakuligawa ovyo. Mimi, binti yake wa kwanza, ninayeendesha duka tangu alipostaafu, hajawahi kuniita hivyo hata kwa kuteleza ulimi. Ananiita Jiko, kama mtaa mzima, kwa sababu nawaka upesi na kupoa kwangu ni shughuli.

Fundi alikuwa mdogo wangu. Baba alikuwa akija dukani asubuhi, anachukua shati lolote kutoka kwenye rundo, analigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, kisha analirudisha polepole kama mtu aliyeshika yai. "Hii ni kazi ya Fundi," anasema. Hakuwahi kukosea.

Ugonjwa ulianza na kope. Kope ya jicho la kushoto ilianza kushuka jioni, kama mlango usiokaa vizuri, na ili aone mbele, mdogo wangu akawa anainua kidevu. Wateja wakaja kuninong'oneza, "Mdogo wako siku hizi anaringa, anatutazama kwa pua." Mimi nikacheka. Nilidhani kweli anaringa.

Halafu ikaja zamu ya mkono. Mimi ndiye niliyepanga mashati rafuni kila jioni, na lile rundo lilikuwa linajieleza lenyewe. Mashati ya chini kabisa, ya asubuhi, yalikuwa yamenyooka kama kadi. Ya saa sita yalikuwa na mkunjo begani. Ya saa nane yalikuwa nusu: kola, bega la kulia, mkono wa kulia, kifua cha kulia, basi. Upande wa kushoto ulikuwa haujaguswa. Akifika hapo anaisimamisha pasi, anakwenda kujificha nyuma ya rafu, anakaa nusu saa, kisha anarudi mzima, anatabasamu. Hicho ndicho kilichotukasirisha. Mgonjwa anayepona kwa nusu saa, nani atamwamini?

"Ugonjwa gani huu unakuja saa nane mchana na asubuhi haupo?" Baba alisema. "Una ratiba kuliko mfanyakazi wa ofisi."

Mimi nilisema baya zaidi. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba kama kazi imemshinda aseme, tutafute mtu mwenye mikono. Nililisema mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, na sina wa kumsingizia.

Siku moja mteja alikuja mchana kuchukua shati lake la kuendea usaili wa kazi, akalikuta mezani limepigwa nusu. Baba alikuwepo. Alilishika mabegani, akalinyanyua juu watu wote walione, akamtazama binti yake kipenzi na kusema neno moja: "Mvivu." Tangu siku hiyo likawa jina. Mvivu, pokea mteja. Mvivu, mpe huyu tiketi yake. Mdogo wangu aliacha meza ya pasi, akahamia mlangoni kupokea nguo na kuandika tiketi, na sehemu yake mezani nikaichukua mimi.

Nilichoogopa mwishowe si mkono wake, ni koo. Jioni moja alipaliwa na maji ya kunywa, maji matupu, akanitazama kwa jicho moja huku mengine yanamtokea puani. Hapo hasira zikaniisha. Tulizunguka hospitali. Daktari wa kwanza alimpa miwani. Wa pili alimwambia apumzike na aache mawazo. Wa tatu alikuwa daktari mdogo wa umri, mama mwenye sauti ya chini, na yeye aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza.

"Asubuhi na jioni, hali yake ni ile ile?"

Nikaropoka habari za mashati. Nikamweleza rundo, la asubuhi hivi, la saa sita vile, la saa nane nusu, na jinsi akipumzika anavyorudi kama mpya. Katikati nikaona aibu, nikanyamaza. Daktari alikuwa ameweka kalamu chini.

"Endelea, dada," akasema. "Umeniletea nusu ya vipimo."

Kisha akafunga vipande vya barafu ndani ya glavu, akaviweka juu ya ile kope iliyoanguka. Tulikaa dakika mbili, mimi nikihesabu kwa saa ya ukutani. Alipoondoa, jicho la mdogo wangu lilikuwa wazi. Lote. Sikuwa nimeliona lote jioni kwa miaka miwili. Nililia pale pale, bila hata kutafuta leso.

Vipimo vya damu vilivyofuata vilithibitisha. Ugonjwa unaitwa miastenia. Daktari alitueleza kwamba kinga ya mwili, badala ya kupigana na maradhi, inaziba njia ambayo ujumbe hupita kutoka kwenye mishipa ya fahamu kwenda kwenye misuli. Msuli ukitumika unachoka upesi, ukipumzika unapata nguvu kidogo, ukitumika tena unachoka tena. Joto huuzidisha. Nikafikiria miaka yote ile tuliyomsimamisha mbele ya pasi ya moto, halafu tukamshangaa. Hauambukizi, na wengi hawaponi kabisa, lakini dawa zipo, na mtu akizinywa kwa saa zake anaishi na kufanya kazi.

Nilikwenda mbio kumweleza Baba, mpaka na habari ya barafu. Baba akanisikiliza, akakuna kidevu.

"Barafu? Hata mimi ukinibandika barafu usoni nitafumbua macho."

"Baba, ni ugonjwa. Una jina."

"Uvivu nao una jina."

Dawa zilimsaidia mdogo wangu. Alimeza chakula, akazungumza bila sauti kupotelea puani, na asubuhi aliweza kunyoosha mashati matano sita akiwa amekaa. Nilidhani amefurahi. Siku moja alikuwa akipasua kidonge chake kwenye sahani, nikamuuliza ni kitu gani anakitaka, chochote, nimtafutie.

"Nataka Baba aniite nilivyokuwa naitwa," akasema. "Basi, Dada. Mengine nitayavumilia."

Kliniki aliyohudhuria kila Alhamisi ilikuwa na wagonjwa tisa wa miastenia. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu, mwanamume mrefu wa hesabu ambaye sauti yake humwishia katikati ya kipindi, akamalizia kwa kuandika ubaoni. Yeye alikuwa amezunguka miaka minne kabla ya kujulikana anaumwa nini. Ndiye aliyeleta wazo la mbio za mji, zile za kila mwaka ambazo vikundi hukimbia kwa ajili ya wagonjwa na watu wajue. Tatizo ni kwamba wenyewe hawawezi kukimbia. Kila mmoja ilibidi atafute miguu ya kuazima.

Mdogo wangu hakuniomba. Ananijua. Mimi nilimsindikiza tu Mwalimu kwenda kuandikisha kikundi, nimshikie mwavuli wa jua. Karani alikuwa na fomu yenye orodha ya magonjwa, kila moja na kiboksi chake. Akaitazama, akapiga miayo.

"Huo ugonjwa wenu sijawahi kuusikia. Wekeni tiki hapo mwisho, kwenye 'Mengineyo'."

Mwalimu alifungua mdomo kueleza, na sauti ikamwishia. Karani akampungia mkono asogee, apishe wengine.

"Mengineyo?" nikasema. "Mdogo wangu ndiye mengineyo? Lete kalamu."

Nililiandika lile jina kwa herufi kubwa hadi likaingia kwenye kiboksi cha wadhamini. Chini yake, kwenye mkimbiaji wa kwanza, nikaandika mimi. Hasira hasara, wahenga walisema, na hasara yangu ilikuwa kilomita kumi.

Nilianza mazoezi na miezi mitatu mkononi. Siku ya kwanza nilikimbia kutoka dukani mpaka kwenye tangi la maji la mtaa, nikalikumbatia. Muuza magazeti akanipigia kelele, "Jiko, nani anakufukuza? Tumkamate?" Wiki ya pili nilivuka tangi. Mwezi wa pili muuza magazeti aliacha kunicheka akaanza kunipimia muda, na ukichelewa hata dakika moja anakugombeza kama kocha wa timu ya taifa. Kikundi nacho kikakua: ndugu wa wagonjwa, majirani, wanafunzi wa zamani wa Mwalimu waliomkumbuka kwa fimbo na bado wakaja. Tukafika kumi na wanane. Tukatengenezewa fulana nyeupe, kifuani limebandikwa jina la ugonjwa kwa herufi nyekundu, nazo zikaletwa dukani Ijumaa jioni. Mbio zilikuwa Jumapili.

Baba wakati wote huo hakusema kitu, ila kwamba watu wazima na akili zao wanakimbia bila kukimbizwa.

Jumamosi asubuhi nikafungua mlango wa uani, nikamkuta Baba kwenye meza ya pasi. Miaka kumi na moja alikuwa hajashika pasi. Ametoa pasi yake ya zamani, ile nzito isiyo na kitufe cha kupunguza moto, na ametandika kitambaa kibichi juu ya nguo, kama tulivyokuwa tunafanya kwa suti za sufu. Pembeni yake fulana zetu zilikuwa zimekunjwa kwa mraba, kingo juu ya kingo. Ya mwisho ilikuwa mezani. Alipoinua kitambaa, herufi nyekundu ziliinuka nacho.

Nikalivamia lile rundo, nikafungua fulana moja baada ya nyingine. Moja ilibaki na herufi mbili, nyingine na doa la gundi, nyingine haina kitu kabisa. Jina zima la ugonjwa wa mdogo wangu lilikuwa limehamia kwenye kitambaa cha Baba, limeparamiana hata halisomeki.

"Umefanya makusudi!" nilifoka. "Hukutaka watu wajue!"

Baba alisimama na kile kitambaa mkononi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomzoea.

"Zimeletwa zimesokotwa kwenye mfuko," akasema. "Zimekunjamana zote. Nguo haiwezi kutoka dukani kwangu vile."

"Tangu lini unajali zinatokaje?"

Aliisimamisha pasi wima, akakaa kitini, akawa anabandua herufi moja moja kutoka kwenye kitambaa na kuziweka kwenye goti lake.

Mdogo wangu akaingia wakati huo. Alitazama fulana, akatazama pasi ya zamani, akainua kidevu amtazame Baba vizuri.

"Amezipiga zote?" akaniuliza mimi. "Kumi na nane?"

"Zote! Hakuna iliyosalimika!"

Akacheka. Niliona kama amerukwa na akili. "Dada, atakuwa ameanza alfajiri," akasema kwa sauti ya chini, na mimi kwa hasira zangu sikuelewa alichokuwa amekiona.

Mbandika maandishi nilimpigia simu mara nne. Akasema Jumatatu. Nikamwambia Jumatatu abandike kwenye paji lake la uso. Mwalimu alikuja, akashika kichwa. Ilikuwa imefika saa nane mchana nasi tumekaa tu, wakati mdogo wangu alipoinama chini ya rafu na kuanza kuvuta gunia.

Lilikuwa gunia la nguo zilizosahauliwa. Kila dobi analo. Watu huhama, hunenepa, hufa, huona aibu kudai baada ya mwaka, na Baba hakuwahi kutupa hata soksi. Mdogo wangu akatoa mashati meupe ya ofisini, moja, jingine, jingine, akayahesabu mpaka kumi na nane. Akavuta kiti mezani, akakaa, akashika pasi.

"Saa nane hii," nikamwambia. "Utachoka."

"Najua."

Akapiga kola. Akapiga bega la kulia, mkono wa kulia, kifua cha kulia, mistari imesimama kama zamani. Alipogeukia upande wa kushoto niliona mkono ukianza kutetemeka, na kope ikishuka. Aliisimamisha pasi. Akalinyanyua lile shati mabegani, watu wote tulione, kama Baba alivyolinyanyua lile la usaili.

"Hapa ndipo mkono wangu ulipoishia, kila siku," akasema. "Yapigeni yote mpaka hapa. Mkimbie nayo hivi hivi."

"Watu watatucheka," Mwalimu akasema.

"Watauliza kwanza. Jina kifuani mtu analisoma na kupita. Shati kama hili lazima aulize."

Mashati kumi na saba yaliyobaki niliyapiga mimi. La tatu nilijisahau nikaanza mkono wa kushoto, mdogo wangu akanizaba kofi la mkononi. "Acha!" Baba alikuwa bado kitini, anatazama. Kila niliposimamisha pasi begani, niliona vidole vyake vikijikunja.

"Mtatoka mbele za watu na hizo nguo," akasema mwishowe, "na watu wanajua zimetoka kwangu."

"Ndiyo, Baba," mdogo wangu akamjibu. "Samahani."

Baba akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Jumapili asubuhi tulisimama nyuma kabisa ya maelfu ya watu wenye viatu vya rangi za peremende. Sisi tulikuwa watu wazima kumi na wanane, wamevaa mashati meupe ya ofisini, kulia wamenyooka kama makatibu wakuu, kushoto kama wamelala kwenye ndoo. Bastola ya kuanzishia ilipolia, sikuwa nimefika hata nguzo ya tatu ya taa pale kijana mmoja alipokuja sambamba nami.

"Mama, umeme ulikatika?"

"Mkono ndio ulikatika nguvu," nikamwambia. "Wa mdogo wangu. Anaumwa miastenia. Misuli inachoka kabla ya mwenyewe. Aliyepiga hili shati aliishia hapo, na mimi nikamwita hana mikono."

Alikuwa amejiandaa kucheka, kicheko kikamgandia. Alipunguza mwendo, akauliza unaanzaje, unatibiwa wapi, na kama ni mapepo. Nikamwambia mapepo hayapungui kwa barafu. Alipotuacha nilimwona mbele akiwasimulia wenzake, anajipiga bega la kushoto kwa mkono.

Kufika kilomita ya nne, habari ilikuwa inatutangulia. Kwenye meza ya maji wanawake wa vikombe walituita "Nusu Pasi" kabla hatujafungua mdomo. Mmoja alikuwa anawaeleza wenzake kwamba ni ugonjwa unaoletwa na pasi, ikabidi nisimame nimrekebishe kwa pumzi nisiyokuwa nayo. Kipaza sauti kilianza kutusalimia kila kona. Nilisikia jina la ugonjwa likitamkwa barabarani, vibaya, kisha vizuri kidogo, kisha vizuri kabisa. Miguu ilikuwa inawaka moto na mimi nilikuwa nafurahi kiasi cha kutaka kumpigia simu yule karani.

Kwenye kilomita ya saba kuna jengo refu la ofisi lenye geti la chuma. Getini alisimama mlinzi, dada wa miaka ishirini na kitu, sare imembana, anatazama mbio. Aliinua kidevu. Alitutazama kwa pua.

Nikasimama.

"Mama, usisimame, misuli itakaza!" msimamizi wa njia akanipigia kelele. Nikamwambia atangulie yeye.

Mlinzi aliangalia shati langu, akaangalia bega. Aliuliza kabla sijasema chochote. "Nimesikia wakitangaza. Huo ugonjwa... unaanza na kope?"

"Kope. Halafu mkono. Au kutafuna."

"Mimi ni kope na shingo." Akaigusa shingo yake. "Asubuhi sina kitu. Jioni kichwa kinakuwa kizito, nakishika kwa mkono. Wameniandikia barua mbili hapa. Wanasema nasinzia kazini."

Nilichukua kalamu kwenye daftari lake la wageni, nikaandika jina la kliniki, siku ya Alhamisi, na namba yangu. "Ukifika, usiwaambie tu kwamba unachoka," nikamwambia. "Waambie unachoka saa ngapi. Andika wiki nzima, saa kwa saa."

Alisoma, akaikunja karatasi mara tatu na kuiweka mfuko wa kifuani. Kisha akaniuliza, polepole, "Kwa hiyo mimi si mzembe?"

"Wewe si mzembe," nikasema. "Si mvivu. Hujawahi kuwa."

Nikakumbuka kwamba maneno hayo sijawahi kumwambia mdogo wangu. Nilimlilia kwa daktari, nilimkimbilia, nilimpigania kwa karani, lakini hayo sikuwahi kuyatamka. Kilomita tatu zilizobaki nilikimbia nikilia wazi wazi, na watu wakadhani ni magoti.

Wenzangu kumi na saba walikuwa wamekwisha kufika. Walinisubiri hatua chache kabla ya utepe, hawajauvuka, wamejipanga, mashati yamelowa jasho lakini ule mpaka wa begani bado unaonekana. Umati ulikuwa unaimba, "Nusu Pasi! Nusu Pasi!" na Mwalimu, ambaye hakutakiwa kupiga kelele, alikuwa anapiga sufuria kwa kijiko. Nilivuka mstari nikiwa wa tatu kutoka mwisho. Tuliingia wote kumi na wanane, na mtangazaji akalitaja jina la ugonjwa bila kusoma kwenye karatasi.

Mdogo wangu alikuwa kwenye kiti chini ya turubai. Nilimfikia kwanza, nikapiga magoti, nikamshika mikono yote miwili. "Hukuwa mvivu," nikamwambia. "Hata siku moja. Nisamehe."

"Unanuka jasho," akasema, akanikumbatia asiniachie.

Nilipoinua kichwa ndipo nikamwona Baba. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, kofia mkononi. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba yake na mkunjo, hata siku ya msiba wa Mama. Alivaa shati lake jeupe la heshima. Kola ilikuwa imesimama. Bega la kulia, mkono wa kulia, kifua cha kulia, vyote vimenyooka kama kadi. Upande wa kushoto ulikuwa umekunjamana kama ulivyotoka kambani.

Watu walikuwa wanampita na kumwangalia, naye alikuwa ameukaza mkono wake wa kushoto ubavuni kama anayeficha doa.

"Nimelipiga asubuhi hii," akasema. Hakuwa anazungumza na mimi. "Nilipofika begani nikaweka pasi. Mkono ukaifuata wenyewe. Nikaushika kwa mkono wa pili. Nikatoka uani, nikarudi, shati bado liko pale, linanitazama. Shati moja tu, na nimeona kama nimejikata nyama."

Alizunguka kiti, akasimama mbele ya binti yake.

"Fundi," akasema, "wewe uliwezaje kuliacha kila siku?"

Mdogo wangu aliinua kidevu ili amwone. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Nilikuwa naenda kulia nyuma ya rafu, Baba."

Baba alitikisa kichwa, mara moja, mara mbili. Kisha akachuchumaa mbele ya kile kiti, magoti yake ya uzee yakalia, shati likagusa vumbi, akashuka mpaka uso wake ukawa chini ya wa Fundi, amwone bila kuinua kidevu.